Namna ya kuchangisha ili askari mstaafu apate pa kulala: mwongozo kwa watu wa Mbeya, Iringa na Njombe

Mwanajeshi mstaafu asiye na makazi huku kwetu ni vigumu kumwona. Usimtafute kwenye baraza la benki. Yupo kwenye kibanda cha ulinzi pale Mwanjelwa: usiku analinda maduka ya watu, mchana analala humohumo. Yupo Mafinga kwenye chumba cha uani alichoachiwa na shemeji "kwa muda", na muda huo sasa ni mwaka wa nne. Yupo pembeni ya Makambako kwenye nyumba ya tope iliyoanguka ukuta wa upande mmoja, pengo likazibwa kwa turubai, na upepo wa kule mnaujua. Ukimuuliza mtu wa mtaa mmoja na huyo mzee kama kuna askari asiye na nyumba hapo, atakujibu hakuna.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na pesa. Kamati nyingi huanza na kadi za michango, fulana na mgeni rasmi, halafu ndipo zinatafuta wa kusaidiwa. Matokeo yake anasaidiwa yule anayejulikana na wengi, ambaye mara nyingi ana watoto wenye uwezo. Fuata mpangilio ulio hapa chini, hata kama unaonekana wa taratibu.

Hatua ya 1: Mtafute, kisha mthibitishe

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na mtendaji wake, kisha mabalozi wa nyumba kumi kumi, maana hao ndio wanaojua nani analala wapi. Pita kwa wachungaji, mapadri na maimamu. Huko Mbeya, Rungwe na Mbozi, mzee wa usharika wa Moravian anaweza kukutajia kwa majina wazee wote wa kitongoji kizima, nani anaumwa miguu na nani amefiwa.

Kisha nenda kwa wanajeshi wenyewe. Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania, MUWAWATA, una wanachama mikoani, na mstaafu humjua mstaafu mwenzake kuliko ofisi yoyote. Upande wa Serikali kuna ofisi ambayo raia wengi huisahau: ya mshauri wa mgambo wa wilaya. Huyu ni mwanajeshi anayefanya kazi kwa karibu na mkuu wa wilaya, na ndiye wa kukusaidia kujua kama mtu anayejiita askari mstaafu kweli alikuwa askari. Mwombe kwa barua, siyo kwa kumpigia simu usiku.

Kuthibitisha si kumvunjia mzee heshima. Matapeli wapo, na mmoja akigundulika katikati ya mchango, mtaa mzima unakunja mikono kwa miaka. Mstaafu wa kweli ana namba yake ya jeshi, na wengi wanaikumbuka kuliko namba ya simu. Atataja kikosi, mwaka aliojiunga na mwaka aliotoka. Mwombe kwa upole karatasi za kumaliza utumishi. Kama ziliungua au kuliwa na mchwa, hapo ndipo mshauri wa mgambo na wenzake wa kikosi wanapohitajika.

Mtakutana na watu wa aina tofauti, na kamati ikubaliane mapema inamhudumia nani:

Wapo waliotumikia Jeshi la Wananchi, lililoundwa Septemba 1964, mpaka wakastaafu na pensheni. Wapo walioacha utumishi mapema na kuondoka bila malipo ya kila mwezi. Wapo wazee wa mgambo walioitwa kuongeza nguvu jeshini baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera Oktoba 1978, wakapigana, wakarudi kulima. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati huo sasa anakaribia 70. Wapo waliokwenda Msumbiji miaka ya themanini, na wadogo zao waliolinda amani Kongo na Darfur. Halafu wapo wajane, ambao kwa maoni yangu ndio wanaosahaulika kuliko wote, kwa sababu siku ya kuhesabu mashujaa hakuna anayewahesabu.

Kijana aliyepita JKT Itende au Mafinga kwa kujitolea, akamaliza mkataba na kurudi nyumbani, anaweza kuwa na shida kubwa kweli, lakini si mwanajeshi mstaafu. Msaidieni kwa mfuko mwingine.

Namna ya kumwendea: nendeni wawili au watatu, mmoja awe mtu mzima anayelingana naye. Mpe shikamoo yake. Muite afande, hata kama amevaa kandambili. Jina hilo halistaafu. Ukiwa Rungwe anza na "ugonile", ukiwa Iringa au Njombe anza na "kamwene", na usione haraka ya kufika kwenye jambo lililokuleta. Simu ya kupigia picha ibaki mfukoni. Wala usimuulize habari za vita, aliua wangapi au kambi ilikuwa na silaha gani. Mengine ni siri aliyoapa kuitunza, na mengine humfanya asilale siku tatu.

Hatua ya 2: Angalia kwanza kama haki yake imekwama

Hatua hii haina shangwe wala mgeni rasmi, lakini inaweza kuokoa mamilioni. Kabla ya kumchangia mtu, jua kwa nini hana pa kukaa. Mara nyingi chanzo ni karatasi.

Pensheni za wanajeshi hulipwa na Hazina, na Hazina hufanya uhakiki wa wastaafu. Mzee aliyelazwa, au anayeishi bonde la mbali asipate tangazo, akikosa uhakiki malipo yake husimama. Yeye anadhani wamemfuta. Hajafutwa: kunahitajika safari ya kwenda Hazina Ndogo ya mkoa akiwa na vitambulisho vyake, barua ya ustaafu na taarifa za akaunti ya benki. Kamati ilipe nauli, itoe kijana mwenye subira wa kumsindikiza, na huyo kijana aandike jina la kila ofisa aliyewahudumia pamoja na tarehe.

Angalia majina. Jeshini aliandikishwa kwa jina la ubatizo na la babu, kwenye kitambulisho cha taifa limeingia jina la baba, benki wameandika kwa herufi zao. Tofauti ya herufi moja inaweza kukwamisha malipo. Hapo hutafutwa kiapo cha majina kwa wakili au hakimu.

Kwa mjane, uliza kama mirathi ilifunguliwa mahakamani. Wengi walizika, wakalia, wakarudi shambani, na haki za marehemu zikabaki zinasubiri msimamizi wa mirathi ambaye hajateuliwa. Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi nyingi za namna hii, ukiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo.

Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye apewe taarifa. Yeye ndiye njia ya kitambulisho cha matibabu bure kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na anajua kama kaya inaweza kuingizwa kwenye mpango wa TASAF. Ukimaliza haya yote na bado mzee hana pa kulala, sasa una sababu ya kuchangisha, na ukisimama mbele ya watu utakuwa na majibu.

Hatua ya 3: Kodi, ukarabati au ujenzi?

Kila kamati inataka kujenga. Nyumba mpya inapendeza kwenye picha. Ila mzee wa miaka 74 anayeishi karibu na hospitali na kanisa lake hapo Soweto ya Mbeya hatafurahi kuhamishiwa kiwanja cha bure kilicho kilomita 20 nje ya mji, asikoweza hata kununua chumvi. Muulize anataka kuishi wapi. Halafu muulize tena siku nyingine watoto wake wakiwa hawapo.

Kodi inafaa kwa mwenye pensheni iliyokwama inayotarajiwa kutoka. Wenye nyumba mjini hudai miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na huo ndio mlima anaoshindwa kuupanda. Lipeni moja kwa moja kwa mwenye nyumba, kwa mkataba wenye jina la mstaafu na mhuri wa serikali ya mtaa.

Ukarabati ndio ninaoupenda mimi. Nyumba iliyokwisha kusimama, yenye msingi mzuri na paa bovu, inaweza kurudishwa hai kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na kuanza upya. Na katika nchi yetu ya baridi kuna vitu vitatu vya kutangulizwa kabla ya rangi na vigae: mlango unaofunga sawasawa, dari, na sakafu ya saruji. Juni na Julai Njombe na Makete si mahali pa mzee kulala chini ya bati tupu, na Kitulo sakitu huanguka kabisa. Mzee akisikia baridi huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga dirisha, na hewa yake huua watu wakiwa usingizini. Mwachieni tundu la hewa juu ya dirisha, na mwelezeni kwa nini lisizibwe.

Ujenzi mpya uje mwisho, na usianze kabla ya ardhi kuwa safi. Kijijini, ardhi hugawiwa na halmashauri ya kijiji kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Omba muhtasari wa mkutano huo, na hatimaye hati ya hakimiliki ya kimila. Mjini, hakikisheni mauziano yamepitia ofisi ya mtaa na majirani wametia saini mipaka. Kama ni kiwanja cha ukoo, itisheni kikao cha ukoo mapema, waandike na kutia saini kwamba sehemu hiyo ni ya huyu mzee na mkewe. Jina la mke liwemo. Siku mzee akifariki, ndugu waliokuwa hawaonekani wataonekana.

Hatua ya 4: Kamati na vibali

Watu watano wanatosha. Mwenyekiti anayeheshimika, katibu anayeandika, mweka hazina, fundi au mtu anayeelewa ujenzi, na mstaafu mmoja wa jeshi. Kwa mweka hazina, msiangalie elimu. Mtafuteni yule mama ambaye kila harusi ya mtaani anapewa daftari la michango, na mpaka leo hakuna aliyelalamika. Anajua nani huahidi laki na kutoa elfu tano, na anajua kumkumbusha bila kumkosea.

Barua ya utambulisho itoke serikali ya mtaa au kijiji, kisha ipite kwa mtendaji wa kata mpaka ofisi ya mkurugenzi na ya mkuu wa wilaya. Usichangishe stendi, sokoni wala barabarani bila kibali cha maandishi mkononi. Kama mnataka matembezi au mkusanyiko wa hadhara, polisi wapewe taarifa ya maandishi; sheria inataka isipungue saa 48 kabla, ila wiki mbili ni ustaarabu. Njia ya matembezi isikatishe barabara kuu ya TANZAM. Malori ya Tunduma hayajui kwamba leo mnawaenzi mashujaa.

Kama kazi ni ya nyumba moja, barua hizo zitawafikisha. Mkitaka iwe kazi ya kila mwaka, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa wilaya awaelekeze kwenye usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002.

Sasa jambo ambalo vijana wa kamati huliingia kwa furaha na kutoka kwa shida: sare. Msishone fulana wala kofia za mabakamabaka. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo, na Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa wenye nguo hizo kuzisalimisha. Msiweke nembo ya jeshi kwenye kadi za mchango wala kwenye bango, kana kwamba jeshi ndilo linalochangisha. Fulana nyeupe yenye maandishi ya kijani inatosha, na ni nafuu zaidi.

Hatua ya 5: Pesa ipite wapi

Isipite kwenye simu ya mtu. Hata akiwa mchungaji. Fungueni akaunti ya kikundi benki yenye watia saini watatu, au mtumie akaunti ya kikundi ya simu kama M-Koba, ambayo kila mwanakikundi huona kilichoingia na kilichotoka. Mkipata namba ya malipo yenye jina la kamati ni bora zaidi, kwa sababu anayetuma huona jina kabla ya kuthibitisha.

Utaratibu wa matumizi uandikwe ukurasa mmoja tu: nani anaomba, nani anaidhinisha, nani anatoa, na kila manunuzi yadaiwe risiti. Hesabuni pia makato ya kutuma na kutoa. Ukilipa duka moja kwa moja badala ya kutoa taslimu, makato yanapungua na wivu unapungua. Kila Jumamosi mweka hazina abandike karatasi kwenye ubao wa ofisi ya mtaa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Bandika hata wiki ambayo hakikuingia kitu.

Hatua ya 6: Igawe nyumba vipande

Ukiwaambia watu "tunahitaji milioni nane", wanaitikia kwa kichwa na kuondoka. Ukiwaambia "tunahitaji bati 20, tumepata 7", kila mmoja anapiga hesabu ya bati lake.

Chukua nyumba ndogo ya vyumba viwili, upana mita 4 na urefu mita 6, paa la pande mbili. Ukiacha nusu mita ya kuning'inia kila upande, urefu wa paa unakuwa mita 7. Bati la migongo likishalaliana na mwenzake hufunika upana wa kama sentimita 75, kwa hiyo unahitaji bati 10 kwa kila upande, 20 kwa nyumba nzima, za urefu wa mita 3, pamoja na kofia za kileleni. Fundi akupigie hesabu kama hiyo kwa kila kitu: mawe ya msingi kwa tripu, matofali ya kuchoma kwa elfu, saruji kwa mfuko, mbao za kenchi (fremu za paa) na za papi (za kupigilia bati) kwa idadi, misumari kwa kilo, milango, madirisha, dari. Weka bei ya duka ya wiki hiyo, na ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya bei kupanda na vitu kuvunjika.

Kumbuka geji: bati la geji 30 ni jembamba kuliko la 28. Ukiacha kila mfadhili anunue la kwake, utapata paa la rangi nne na unene aina tatu. Elewaneni na duka moja la vifaa, mwenye duka afungue ukurasa wa kamati kwenye daftari lake na kushikilia bei kwa muda mtakaokubaliana.

Katika orodha hiyo msisahau choo. Msisahau pia ujira wa fundi na chakula cha vibarua. Watu hupenda kuchangia kinachoonekana, kwa hiyo pesa ya fundi itafuteni kwa mtu mmoja au wawili wenye uelewa, nje ya kadi.

Hatua ya 7: Fuata kalenda ya mazao

Nyanda za juu pesa ina majira. Novemba mpaka Machi mkulima amezika kila kitu shambani: mbegu, mbolea, vibarua. Usimwendee. Tumia miezi hiyo kwa hatua ya kwanza na ya pili. Mei na Juni mahindi yanaanza kukauka, Kyela mpunga unaingia, na watu wanaanza kusikia.

Tarehe zenyewe zimejipanga vizuri kuliko kamati yoyote ingeweza kuzipanga. Siku ya Mashujaa ni Julai 25. Nane Nane ni Agosti 8, na kwa Mbeya maonyesho yako viwanja vya John Mwakangale, ambako wakulima, wafanyabiashara na taasisi za kanda wanakutana mahali pamoja. Hizo ni wiki mbili. Zindua mchango Jumapili iliyo karibu na Mashujaa, ufunge mwisho wa Nane Nane. Hakuna sababu ya mchango kuburuzwa mpaka Krismasi.

Kiangazi hicho hicho ndicho cha kufyatua na kuchoma matofali. Msingi Agosti, ukuta Septemba, paa Oktoba. Novemba kifuku kikibisha hodi, mzee awe ndani.

Hatua ya 8: Kuomba, na nani wa kuombwa

Watu wa huku hutoa vitu kwa urahisi kuliko fedha. Mnyakyusa aliye na migomba hataona uchungu kutoa mkungu, ila elfu kumi ataifikiria. Basi tumia mnada baada ya ibada, ambao kila mtu anaujua: kuku, mkungu, debe la viazi, maparachichi, mayai. Mmoja ananunua kuku kwa bei ya mbuzi na kumrudisha anadiwe tena, na kuku mmoja huyo anaweza kumaliza gharama ya mlango. Ombeni kwa viongozi wa kanisa Jumapili moja tu, na iwe imetangazwa wiki mbili kabla. Msikitini, wasilisheni kwa imamu naye ataona namna na siku ya kuwaeleza waumini.

Mbao ziombwe Mafinga. Wilaya ya Mufindi imezungukwa na misitu ya paini, Sao Hill na ya watu binafsi, na wenye viwanda vya kupasulia mbao wana vipande vya madaraja ya chini vinavyofaa kabisa kwa papi. Ombeni zilizotiwa dawa, la sivyo mchwa watakuwa wapangaji wa kwanza. Barua iwe fupi, itaje idadi na kipimo. "Tunaomba mbao 30 za mbili kwa nne za futi 12" inajibika. "Tunaomba msaada wowote" inawekwa kwenye droo. Msafirishaji naye aombwe kitu kimoja: nafasi kwenye gari linalorudi tupu.

Vyama vya bodaboda na bajaji, vikoba vya akina mama, wafanyabiashara wa Kabwe na Sokomatola, wanafunzi wa vyuo wenye nguvu ya kubeba matofali: kila kundi lipewe kipande chake kwenye orodha. Watoto wa hapa walioko Dar es Salaam na nje ya nchi wanapatikana kwenye kundi la WhatsApp la shule au la ukoo. Ujumbe uwe kama huu:

"Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wote. Mtaa wetu unamjengea nyumba ya vyumba viwili mzee wetu, mwanajeshi mstaafu, kwenye kiwanja chake mwenyewe. Msingi umekwisha na matofali yapo. Limebaki paa: bati 20, na mpaka jioni hii tumepata 7. Bei ya bati moja dukani leo imeandikwa kwenye picha ya ankara hapo chini. Ukiweza nusu bati, tutakuunganisha na mwenzako. Tuma kwa namba ya kamati. Likitokea jina la mtu badala ya jina la kamati, usitume. Hesabu inabandikwa ofisi ya mtaa kila Jumamosi na hapa pia."

Hamjamtaja jina, hamjaweka picha yake, na bado mtu ana kila anachohitaji ili aamue.

Kwenye hafla ya kufunga mchango mshereheshaji atapenda kurudia maneno ya Mwalimu ya mwaka 1978, kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Mwache, watu hupenda. Mzuie tu asimsimamishe mzee mbele na kumwambia aeleze shida zake kwenye kipaza sauti. Na hafla yenyewe iwe chai ya saa nne asubuhi kwenye uwanja wa shule. Kamati inayokodi ukumbi na kupika pilau ili kumtafutia mtu bati inajua yenyewe inachotafuta.

Hatua ya 9: Picha

Picha ya mzee akiwa amekaa kwenye turubai huleta pesa haraka. Itabaki pia kwenye simu za watu mpaka wajukuu zake watakapoiona. Pigeni picha ya ukuta, ya matofali, ya risiti, ya mafundi. Akikubali mwenyewe kupigwa, apigwe amevaa nguo anazozitaka, aione kwanza, na atie saini karatasi ya ridhaa inayosema itatumika wapi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ridhaa hiyo si hisani tena. Namba yake ya jeshi, namba ya simu na habari za ugonjwa wake zisiwekwe popote. Wala msipige picha karibu na kambi.

Hatua ya 10: Kujenga

Mkataba na fundi uandikwe, alipwe kwa hatua: msingi, lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kenchi, kumaliza. Vifaa vitunzwe kwa mtu aliye karibu na kiwanja, na kuwe na daftari la kuingiza na kutoa. Siku za kubeba mawe na maji iteni mtaa mzima. Mbeya tuko kwenye bonde la ufa na ardhi hutikisika mara kwa mara, kwa hiyo lenta izunguke nyumba yote na nondo zisipunguzwe hata fundi akisema nyumba ni ndogo. Makambako na Mufindi, kenchi zifungwe ukutani kwa waya mnene uliopandishwa kutoka kwenye lenta. Misumari peke yake hailizuii paa siku upepo ukiamka. Kizingiti kiwe chini, choo kiwe na kishikio ukutani, na taa iwepo njiani kuelekea chooni. Mwenye nyumba aulizwe mlango utazame wapi. Askari wengi hawapendi kulala wakiwa wameupa mgongo.

Hatua ya 11: Kukabidhi, na baada ya hapo

Makabidhiano yafanyike kwa karatasi kabla ya funguo: hati au muhtasari wa ardhi, majina ya mume na mke, orodha ya vilivyomo, saini ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili wa ukoo. Nakala moja ibaki ofisi ya mtaa. Mstaafu asifungwe na masharti ya ajabu, kama vile kutopangisha chumba cha pili. Kodi ya chumba hicho inaweza kuwa ndiyo mboga yake.

Ndani ya mwezi mmoja kamati itoe taarifa ya mwisho yenye kila shilingi, iisome kwenye mkutano wa mtaa na kuituma kwenye makundi yaleyale iliyoombea. Kilichobaki kitajwe kwa kiasi, na mkutano uamue: kilipe umeme, kihamie kwa mstaafu wa pili mliyemthibitisha kwenye hatua ya kwanza, au kirudishwe kwa waliotoa kiasi kikubwa. Kamati isijiamulie.

Mbao na matofali yaliyosalia yauzwe au yapewe jirani kwa maandishi siku hiyohiyo, kabla fundi hajapakia. Halafu mmoja wa kamati apangiwe kumtembelea mzee kila mwezi kwa mwaka wa kwanza. Mvua ya kwanza kubwa ya Novemba aende siku hiyohiyo, atazame juu kwenye kofia za paa na kwenye pembe za ukuta, na awe na namba ya fundi kwenye simu.